Modeli ya mtaro inatoa levo ya maji isiyoingia akilini? Usiguse Manning kwanza

Kila masika ikikaribia watu wa mitaro wanafungua laptop, modeli inarun, na levo ya maji inatoka ya ajabu, iko juu sana ama iko chini kuliko vile mtu yeyote anayeishi hapo angekwambia. Na kitu cha kwanza wengi wanafanya ni kwenda moja kwa moja kwa n ya Manning, namba ya ukwaruzo wa mtaro, wanaipunguza, 0.030 inakuwa 0.025, halafu 0.020, mpaka maji yanashuka pale wanapotaka. Ripoti inaandikwa, lakini kosa lenyewe liko pale pale, limefunikwa tu. Mtaro ukijengwa kwa hesabu hizo, atakayeamka usiku godoro limelowa ni mtu wa Kisauni ama Mtopanga hapa Mombasa, na hii ndio sababu nataka tupitie hizi dalili vizuri.

Naongea zaidi kuhusu HEC-RAS, programu ya kuhesabu levo za maji, manake ni ya bure na ndio wengi tunatumia, lakini ukiwa na SWMM ama programu nyingine yoyote maji ni yale yale.

Kabla ya yote fungua profaili ya urefu, ule mchoro unaoonyesha sakafu ya mtaro na mstari wa maji kutoka juu mpaka baharini. Usianze na jedwali la namba. Angalia kitu kimoja tu: kosa linaanzia wapi. Manake maji yakienda polepole, Froude (mwendo wa maji ukigawanywa kwa mwendo wa wimbi dogo) ikiwa chini ya 1, anayeamua levo yuko chini, ni kama foleni ya ferry Likoni, gari zilizosimama huku nyuma shida yao iko kule mbele kwa maji. Maji yakiwa ya kasi, Froude ikipita 1, mambo yanageuka, anayeamua yuko juu na kitu kilicho chini hakina habari nayo. Mitaro yetu mingi ya kisiwani na ya bara tambarare ni ya polepole, kwa hivo mara nyingi unatafuta chanzo kuelekea baharini, hata kama levo mbaya umeiona kilomita moja juu.

Mstari wote umehama kwa pamoja

Ukiona kina cha maji kinaeleweka lakini levo yenyewe haifanani na chochote kilichopimwa mtaani, na tofauti ni ile ile kutoka mwanzo mpaka mwisho, hapo mtiririko hauna shida, shida ni vipimo vya urefu. GPS ambayo haijarekebishwa inapima kutoka kwa elipsoidi, umbo la dunia la kihesabu, na hapa pwani yetu elipsoidi iko zaidi ya mita 20 juu ya usawa wa bahari, yaani unaweza kusimama nchi kavu kabisa Nyali na kifaa kikakuandikia minus. Hio angalau inaonekana haraka. Inayoua ni ile ndogo, nusu mita ama mita mbili hivi, pale sekshoni za juu (mikato ya upana wa mtaro) zilipimwa na mtu mmoja kutoka benchimaki moja, alama yenye urefu unaojulikana, na za chini na mwingine kutoka benchimaki nyingine, unapata ngazi katikati ya mtaro ambayo haipo duniani. Chukua pointi moja ambayo wote wawili waliipima, hata kama ni kona ya kalvati, ulinganishe. Kama hakuna pointi ya pamoja, rudini mkapime, hakuna njia ya mkato hapo.

Yuniti pia. Kuna watu wanapewa modeli iliyoanzishwa kwa futi, wanabadilisha seting iwe mita na wanadhani kazi imeisha. Kubadilisha jina la yuniti si sawa na kugeuza namba zenyewe, hizo ni komandi mbili tofauti. Mtaro wa upana wa futi 6 ukisomwa kama mita 6 utabeba maji ya mtaa mzima bila kutetereka, na levo itatoka chini sana mpaka ufurahi bure.

Halafu urefu wa ardhi uliopimwa kutoka angani. Data ya SRTM, ile ya rada ya chombo cha anga, ilipigwa Februari 2000, pikseli yake ni karibu mita 30, na inaona vilele vya mikoko na mapaa ya nyumba, haioni udongo. Ukingo wa Tudor Creek kwenye data hio unatoka umepanda mita kadhaa pale ambapo kwa kweli ni tope la mikoko linalofunikwa na maji kila bamvua. Na kule Makupa bado itakuonyesha tuta la zamani, wakati daraja jipya lilifunguliwa 2022. Kwa mtaro wa upana wa mita mbili hio data haifai kabisa, itumie kujua maji ya mvua yanatoka eneo gani, basi.

Maji yamejaa huku chini, kule juu ni sawa

Hii ndio ya Mombasa hasa, na hapa ndipo ningeweka muda wangu mwingi. Baundari ya chini, yaani levo unayoipa modeli pale mtaro unapoishia, ni bahari, na bahari yetu haikai mahali pamoja: inajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kutoka kujaa mpaka kujaa ni kama masaa 12 na dakika 25, na wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Sasa mtu anachukua jedwali la maji la bandari ya Kilindini, anaona 3.8, anaandika 3.8 kwa modeli. Lakini namba za jedwali zinahesabiwa kutoka datumu ya chati, ambayo iko karibu na maji yanapopwa kabisa, na usawa wa kati wa bahari uko kama mita 1.9 juu yake. Kama sekshoni zako zimepimwa kutoka usawa wa kati, hio 3.8 ni 1.9 tu. Umeongeza bahari karibu mita mbili, na kwa mtaro wa slopu ndogo hizo mita mbili zinapanda mpaka mbali sana. Tafuta benchimaki iliyounganishwa na vipimo vya bandari upate tofauti kamili ya eneo lako, hio 1.9 itumie tu kujua kama umekosea kwa kiasi kikubwa.

Kosa la pili ni kinyume chake. Mtu anaweka kina cha kawaida kwenye mdomo wa mtaro, anaandika slopu 0.002, modeli inarun vizuri bila kulalamika. Kina cha kawaida maana yake ni kwamba mtaro unaendelea hivo hivo chini bila kizuizi, lakini mtaro wako umeishia baharini! Maji yakiwa yamejaa, levo halisi hapo mdomoni ni ya bahari na modeli yako itakuwa inaonyesha maji ya chini mno. Yakiwa yamepwa na mdomo uko hewani, maji yanaanguka yenyewe na hapo kina kinakaribia kritikali, kile ambacho Froude ni 1, si cha kawaida. Kwa hivo weka bahari kama bahari, levo inayopanda na kushuka na saa.

Ukitaka kujua kama baundari ndio inakuharibia, fanya hivi: run mara tatu, ya kwanza kama ilivo, ya pili pandisha baundari nusu mita, ya tatu shusha nusu mita, halafu weka profaili zote kwa mchoro mmoja. Pale mistari mitatu inapoungana, kwenda juu kutoka hapo baundari haina usemi tena. Kama sehemu unayojali iko chini ya hapo, basi jibu lako linategemea hio namba uliyoandika, uwe na uhakika nayo ama uendeleze modeli chini mpaka mahali unapojua levo kwa kweli. Kuna hesabu ya haraka ya kukadiria umbali huo: 0.7 mara kina, gawanya kwa slopu. Mtaro wa kina cha mita 1 na slopu 0.002 unapata mita 350. Lakini kina cha mita 1.5 kwa slopu 0.0005, kama zile sehemu tambarare karibu na krikini, unapata mita 2,100, yaani bahari inaongea mpaka kilomita mbili ndani.

Kuna suala la saa pia. Ukirun stedi, yaani bila kitu kubadilika na saa, na mvua ya kilele pamoja na kilele cha bamvua, umesema vyote viwili vimefika dakika moja. Inaweza kutokea, na kwa mtaro mdogo wa kisiwani unaojaa ndani ya muda mfupi baada ya mvua kuanza, mimi singeiondoa hio hali kwa sababu tu namba imetoka mbaya. Lakini kwa mto kama Kombeni ambao maji yake yanatoka mbali huko bara, kilele kinachelewa, na ukiweka hidrografu, mtiririko unaobadilika na saa, na maji ya bahari yanayocheza, halafu usogeze saa ya mvua mbele na nyuma mara kadhaa, utaona levo inabadilika sana. Kama levo "mbaya" inatokea kwa mpangilio mmoja tu wa saa, hilo si kosa la modeli, ni habari, iandike kwa ripoti.

Na angalia alama ya mtiririko. Ukiona namba hasi kwenye sekshoni za chini, bahari inaingia mtaroni. Kama mtaro halisi una mlango wa bawa unaojifunga maji yakijaa na wewe hujauweka, modeli inajaza mtaro maji ya chumvi ambayo hayapo. Na ukiuweka, kumbuka ukijifunga maji ya mvua hayana pa kwenda, yanakusanyika nyuma yake, kwa hivo lazima modeli iwe na mahali pa kuyaweka.

Ngazi ya ghafla mahali pamoja

Hapa mstari unaenda vizuri halafu unaruka. Karibu kila mara kuna kalvati, daraja dogo ama sekshoni moja iliyokosewa. Anza na hio sekshoni, zipitishe moja moja kwenye skrini haraka haraka, jicho litaona lenyewe: sakafu iliyoandikwa 12.4 badala ya 2.4, ukingo wa kushoto uliowekwa kulia, pointi mbili zilizobadilishana.

Kama sekshoni ni safi nenda kwa kalvati. Mchoro unasema boksi la mita 1.2 kwa 1.2, lakini nenda ukaliangalie, nusu yake ni mchanga na chupa za plastiki, na ndani kumepitishwa bomba mbili za maji za wakaazi ambazo zinashika kila mfuko unaopita. Modeli inajua mchoro tu. Upande wa pili ni modeli kuonyesha ngazi kubwa kuliko ukweli, na hapo mara nyingi ni maeneo ya maji yaliyosimama hayajawekwa sawa kabla na baada ya daraja, ama koefishenti za kubana na kutanuka, zile za nishati inayopotea mtaro ukibadilika upana. Kawaida ni 0.1 na 0.3 kwa mtaro unaobadilika polepole, 0.3 na 0.5 karibu na daraja, mtu akiziweka za daraja kila mahali anapoteza nishati njia nzima bila sababu.

Maji yako chini sana na programu inalalamika kritikali

Ujumbe unasema haikuweza kusawazisha nishati, imechukua kina kritikali. Watu wengi wanaupuuza kwa sababu modeli imemaliza kurun. Usiupuuze, manake hapo programu imeshindwa kupata jibu ikaweka namba ya kukaa pale.

Sababu ya kwanza ni sekshoni ziko mbali mbali. Kwa makadirio, umbali usizidi 0.15 mara kina gawanya kwa slopu, yaani kina cha mita 1 na slopu 0.002 ni mita 75, na karibu na kalvati punguza zaidi. Weka sekshoni za katikati, ujumbe ukipotea ulikuwa ni huo. Lakini sekshoni za katikati zinabuniwa na programu, kama kuna ngazi ya kweli kwenye sakafu hapo inabidi uipime.

Ya pili ni mtaro wenyewe kweli ni wa kasi na wewe umerun kwa hali ya polepole peke yake. Tuchukue mtaro wa simiti wa mstatili, upana mita 2, maji mita za ujazo 3.76 kwa sekunde, n 0.015. Kina kritikali ni mita 0.71. Slopu ikiwa 0.002 kina cha kawaida ni mita 1, kiko juu ya kritikali, polepole. Slopu ikiwa 0.01, pale unaposhuka kutoka kilimani, kina kinakuwa kama 0.56, chini ya kritikali, kasi. Modeli ya polepole haiwezi kwenda huko, inakwama 0.71. Weka hali mchanganyiko, polepole na kasi pamoja, na uweke baundari ya juu pia. Utaona mruko wa maji pale slopu inapolala, na huo mruko ni wa kweli, kuta za hapo zinatakiwa ziwe ndefu zaidi.

Levo inapanda polepole njia nzima

Hapa sasa ndio Manning anaingia, na hata hapa uliza kwanza kuhusu maji yenyewe. Ile 3.76 umeitoa wapi? Kama ni fomula ya mvua na eneo, eneo limeongezeka paa na kabro kiasi gani tangu ramani ilipochorwa? Mtiririko ukiwa na makosa ya asilimia 50 hakuna n itakayokuokoa.

Ukishajiridhisha, angalia n kulingana na kitu kilichopo leo. Simiti safi ni 0.013 mpaka 0.015. Mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa simiti, kama mitaro mingi ya zamani mjini, ni karibu 0.025. Udongo wenye nyasi 0.030 na zaidi, na mikoko ukingoni inapita 0.1 kirahisi. Uone nguvu yake: mtaro ule ule wa juu, slopu 0.002, ukitoka n 0.015 kwenda 0.030, kina kinatoka mita 1 kwenda kama 1.7. Ukuta wa mita 1.2 umeshapitwa. Kwa hivo n si kitu cha kuchezea mpaka mstari ukae vizuri, ichague kwa kuangalia mtaro, andika kwa nini, halafu iachie hapo. Na ukiona ili ufanane na alama za mafuriko unahitaji n ya 0.008 ama 0.09 kwa simiti, modeli inakwambia kuna kitu kingine hakiko sawa, rudi mwanzo wa huu mwongozo.

Maji yanapanda ukuta usiokuwepo

Sekshoni ikiishia chini ya levo ya maji, programu inasimamisha ukuta wima mwisho wake na maji yanapanda humo humo. Mtaani yangemwagika barabarani. Refusha sekshoni mpaka ardhi ya juu zaidi, ama weka njia ya kumwaga pembeni. Kinyume chake ni ukingo wenye bonde nyuma yake: modeli inahesabu bonde kama sehemu ya mtaro kabla maji hayajavuka ukingo, eneo linakuwa kubwa, levo inashuka kwa uongo. Weka alama ya tuta pale ukingoni.

Levo inacheza juu chini kwa run ya anstedi, ile inayobadilika na saa

Ukiona meno ya msumeno kwenye hidrografu, angalia taimu stepu kwanza, muda wa kila hatua ya hesabu. Kwa mtaro wetu wa mfano mwendo wa wimbi ni kama mita 5 kwa sekunde, sekshoni zikiwa kila mita 20 unahitaji kuanzia sekunde 4 hivi, si dakika moja. Punguza nusu, run tena, kama kilele kimebadilika bado hujafika. Mitaro yetu pia inakauka kabisa kiangazi, na programu haipendi sakafu kavu, kwa hivo anza na maji kidogo yanayotiririka ambayo hayatabadilisha kilele. Halafu soma hesabu ya ujazo mwishoni, maji yaliyoingia na yaliyotoka na yaliyobaki, ikipotea asilimia kadhaa usiamini levo yoyote.

Kuhusu kulinganisha na mtaani

Alama za maji kutani ni dhahabu, ziwe za Novemba 2023 ama za mwaka huu, na wenye maduka wanajua maji yalifika kwa kabati gani. Lakini uliza maji yalikuwa yametulia ama yanapita, na bahari ilikuwa imejaa ama imepwa. Ukuta unaotazama mkondo maji yanaurukia: kwa mwendo wa mita 1.88 kwa sekunde hio peke yake ni kama sentimita 18 juu ya levo halisi. Chukua alama za upande uliotulia, ndani ya vyumba ama nyuma ya nyumba. Pima na levo ya sarveya, usikadirie kwa tepu kutoka lami, lami yenyewe imeongezwa mara ngapi haijulikani.

Badilisha kitu kimoja kwa kila run na uhifadhi kwa jina jipya, ukibadilisha vitatu pamoja hutajua kipi kilisaidia. Na kwa kila mtaro nitakaokabidhiwa mimi naomba run mbili zikae kwa ripoti, moja mtaro ukiwa safi na nyingine kalvati zikiwa nusu zimeziba, zote mbili na bamvua, manake ndivo mvua ya Mei inavoikuta.